Mchagua Rangi ya Kuku na Ajue Hesabu Yake

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini hawakusema kwamba mchagua kuku si mfugaji. Mtu na aende soko lolote la mashambani, akasimame karibu na wauzaji wa kuku, atazame. Mnunuzi hutazama rangi kwanza kabla hajamwinua kuku kumpima uzito, wala hajampapasa kifua kwa vidole. Huyu anataka jogoo mweupe pasipo doa. Yule ametumwa na wazee kutafuta jogoo mwekundu mtupu, na mwenye unyoya mmoja mweusi hamtaki hata akipunguziwa bei. Wa tatu anatafuta mtetea wa madoadoa kama kanga, kwa sababu tu mama yake alikuwa naye mmoja zamani, naye alikuwa akitaga vizuri. Muuzaji anayajua haya yote, naye hupandisha au hushusha bei kwa kadiri anavyoona jicho la mnunuzi linatua wapi.

Basi rangi ni fedha. Na penye fedha watu hujaribu kuitengeneza bidhaa inayotakiwa. Mfugaji hurudi nyumbani akawaza: ikiwa jogoo mweupe huuzwa haraka, kwa nini banda zima lisiwe jeupe? Shauri hili si la kipumbavu. Rangi ya kuku yaweza kutengenezwa, na watu wameitengeneza kwa karne nyingi. Lakini ina sheria zake, nazo hazikutungwa na serikali yoyote wala hazina rufani. Mwenye kuzijua hupata atakacho kwa muda mfupi, na asiyezijua huweza kuchinja miaka mitatu bila kupata banda la rangi moja.

Kuku wote wa nyumbani, wa kienyeji na wa kizungu, asili yao ni kuku-mwitu wekundu wa misitu ya Asia. Charles Darwin aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1868, na uchunguzi wa nasaba uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ukoo uliozaa wengi wa kuku wetu ulikaa upande wa kusini-mashariki mwa bara hilo. Jogoo wa mwituni ana shingo ya rangi ya dhahabu na moto, na mkia mweusi unaong'aa. Koo wake ana rangi ya majani makavu, apate kuatamia chini ya kichaka asionekane na adui. Rangi nyingine zote zilitokea baadaye, kwa mabadiliko madogo katika chembe za urithi, na kwa mikono ya watu waliopenda walichokiona wakakitunza.

Karani anayeshinda ofisini mwenye kalamu ataelewa upesi mwili wa kuku unavyofanya kazi hii. Mwili una wino wa namna mbili tu: mmoja mweusi, na mwingine mwekundu unaoweza kufifia ukawa wa manjano. Kuku mweusi ni aliyeandikwa kwa wino wa kwanza mwili mzima. Kuku mwekundu ni aliyeandikwa zaidi kwa wino wa pili. Kuku wa mistari au madoa ni yule ambaye kalamu yake huandika na kuacha, huandika na kuacha. Na kuku mweupe ni karatasi isiyoandikwa. Lakini karatasi yaweza kubaki tupu kwa sababu zaidi ya moja: labda wino haukuwamo chupani, labda ulikuwamo ila kalamu imezibwa. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini imewagharimu wafugaji wengi.

Aliyegundua hesabu ya urithi hakuwa mfugaji wa kuku. Alikuwa mtawa mmoja wa mji wa Brno, jina lake Gregor Mendel, aliyepanda mbaazi za kizungu katika bustani ya nyumba ya watawa na kuhesabu zilivyozaa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1866, watu wasiyajali, hata mwaka 1900 yalipofufuliwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1902, Mwingereza William Bateson alionyesha kwa kutumia kuku kwamba sheria zile zawahusu wanyama pia. Yeye na mwenzake Reginald Punnett waliendelea kutotoa vifaranga huko Cambridge na kuwahesabu mmoja mmoja, kama mweka hazina anavyohesabu senti. Kutokana na kazi hiyo likajulikana jambo lililokuwa limewachosha wafugaji wa kuku wa Andalusia.

Kuku hao hutoka Hispania, na sifa yao ni rangi ya kijivu chenye ubuluu, mfano wa wingu la mvua, na kila unyoya umezungushiwa ukingo mweusi. Ni wazuri sana kuwatazama. Lakini wenye kuwafuga walikuwa na malalamiko ya siku zote: ukimpandisha jogoo wa kijivu kwa mitetea ya kijivu, nusu ya vifaranga tu ndio wanaotoka kijivu. Robo hutoka weusi, na robo nyingine hutoka weupe wenye mabaka yasiyopendeza. Wafugaji wakadhani damu imechafuka. Kila mwaka wakawatupa weusi na weupe, wakabakiza wa kijivu peke yao, wakitumaini kuisafisha mbegu. Kila mwaka uliofuata hesabu ilikuwa ile ile.

Sababu yake yaeleweka hata kwa mtoto wa shule. Kila kifaranga hupokea chembe mbili za rangi, moja kwa baba na moja kwa mama. Chembe mbili za kwanza zikikutana, kuku huwa mweusi. Mbili za namna ya pili zikikutana, huwa mweupe wa mabaka. Moja ya huku na moja ya kule zikikutana, ndipo huwa kijivu. Basi kijivu si ukoo, ni ndoa. Haiwezekani kabisa kuwa na banda la kijivu linalojizaa lenyewe pasipo kutoa weusi na weupe. Na anayetaka vifaranga wote wawe kijivu, hata mmoja asipotee, na achukue jogoo mweusi ampe mitetea ya mabaka, au kinyume chake. Wale wale waliokuwa wakitupwa kila mwaka kama takataka ndio wazazi pekee wanaoweza kuzaa rangi ile kwa ukamilifu.

Fundisho hili lastahili kukaa juu ya mlango wa kila banda. Mchagua nazi hupata koroma. Na mara nyingi kitu anachokitupa mchaguzi ndicho kilichokuwa na hazina.

Sasa yafaa kurudi kwa mweupe, kwa maana ndiye anayetafutwa na wengi. Kuku wa Leghorn mweupe, mwenye asili ya Italia, ana weupe wenye nguvu. Ndani yake mna chembe ya kuzuia wino mweusi, na chembe hiyo moja tu yatosha kuonekana. Mpandishe jogoo wa Leghorn kwa mitetea ya kienyeji ya rangi, na vifaranga karibu wote watatoka weupe, labda na doa dogo hapa na pale. Mfugaji hufurahi, akadhani kazi imekwisha. Lakini weupe ule umefunika tu, haukufuta. Akiwapandisha watoto hao wao kwa wao, karibu robo ya wajukuu watatoka na rangi za mabibi zao.

Kuna tena weupe wa namna ya pili, ulio mnyonge na wenye kujificha. Huu hauonekani mpaka kifaranga aupokee kwa baba na kwa mama pia. Kuku aliyeupokea upande mmoja tu huwa na rangi yake kamili, mweusi au mwekundu, wala hakuna awezaye kumtambua. Siku jogoo wa namna hiyo akikutana na koo wa namna hiyo, kifaranga mweupe hutokea katika kundi la weusi, na jogoo wa jirani hushitakiwa bure kwa kosa la kuruka ua. Kumbe mgeni hakuja. Aliyekuja ni babu aliyekuwa amejificha vizazi viwili au vitatu.

Mambo huwa magumu zaidi mfugaji anapochanganya weupe wa namna mbili. Hununua jogoo mweupe mahali pamoja na mitetea myeupe mahali pengine, wote safi kama theluji ya Kirinyaga. Watoto wao hutoka weupe. Lakini wajukuu, katika kila kumi na sita, kwa wastani kumi na watatu huwa weupe na watatu huwa na rangi. Mtu asiyejua hesabu hii humwendea aliyemuuzia kuku na kumwita mwongo. Muuzaji hakusema uongo. Mweupe wake alikuwa mweupe kweli. Ila weupe wa huyu haukuwa ule wa yule.

Hapana budi kuonya pia kwamba hesabu hizi ni za wengi. Mwenye kutotoa mayai kumi na mawili ya Andalusia asitarajie weusi watatu, kijivu sita na mabaka watatu sawasawa. Aweza kupata weusi watano na mabaka mmoja, wala sheria haikuvunjika. Ni kama kurusha sarafu: mara nne hazitoshi kuonyesha haki ya sarafu, lakini mara mia mbili zatosha.

Mpaka hapa msomaji aweza kuuliza: je, rangi ina faida gani zaidi ya kupendeza macho? Jawabu ni kwamba ipo rangi moja yenye faida kubwa, nayo ni ile inayotenganisha majike na madume siku ya kwanza ya maisha. Mtu anayenunua vifaranga hamsini kwa ajili ya mayai hawataki madume ishirini na tano watakaokula chakula chake miezi kadhaa kabla hajawatambua kwa undu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipoadimika Uingereza, Punnett alitoa shauri kwamba rangi itumike kuwatenga vifaranga madume mapema, ili nafaka isipotee.

Njia yenyewe ni hii. Zipo chembe za rangi zinazosafiri pamoja na zile zinazoamua jike au dume. Jogoo huwa nazo mbili. Koo huwa nayo moja tu, naye humpa mwanawe wa kiume peke yake. Maana yake ni kwamba binti wa kuku hurithi rangi hii kwa baba tu. Basi chukua jogoo mwekundu wa Rhode Island, kuku wa Marekani, umpe mitetea ya Light Sussex, kuku wa Uingereza mweupe mwenye shingo na mkia vyenye weusi. Vifaranga wa kiume watatoka na rangi hafifu ya maziwa, kwa kuwa wamepewa na mama yao chembe ya fedha iliyo na nguvu. Vifaranga wa kike watatoka na wekundu wa dhahabu, kwa kuwa hawakupewa ila ile ya baba. Siku ile ile ya kutotolewa, mtoto wa miaka saba aweza kuwatenga. Vivyo hivyo mtu aweza kumpa jogoo mweusi mitetea ya Plymouth Rock yenye mistari: madume watakuwa na doa jeupe utosini, na majike hawatakuwa nalo.

Lakini hapa ndipo wengi hujikwaa. Mfugaji husikia kwamba Rhode Island na Sussex zikichanganywa huonyesha majike, akanunua jogoo wa Sussex na mitetea ya Rhode Island, akidhani ni mamoja. Si mamoja. Vifaranga wote, madume na majike, watatoka na rangi hafifu, wala hakuna atakayewatambua. Mwingine hupanga sawasawa mara ya kwanza, akaona ajabu ile, kisha akawafuga watoto na kuwapandisha wao kwa wao ili ajabu iendelee. Haitaendelea. Katika wajukuu, dhahabu na fedha zitakuwako kwa majike na kwa madume pia, nusu kwa nusu, na alama yote itakuwa imepotea. Atakaye alama kila mwaka hana budi kuweka wazazi halisi wa pande zote mbili. Ni kwa sababu ya tabu hii Punnett na Michael Pease walitengeneza huko Cambridge kuku aitwaye Cambar, aliyetangazwa mwaka 1929, ambaye vifaranga wake hujitambulisha kwa rangi kila kizazi bila kuhitaji kuchanganywa.

Mitetea ya kahawia inayouzwa leo kwa wafugaji wa mayai, hapa Kenya na katika nchi nyingi, mingi hutenganishwa kwa hesabu hiyo hiyo ya dhahabu na fedha. Wengi huwanunua wasijue kwamba kwa kila mmoja wao alitotolewa kaka mmoja wa rangi hafifu, na kwamba katika viwanda vikubwa vya kutotolea kaka huyo huuawa siku hiyo hiyo, kwa kuwa hatagi wala hanenepi upesi. Ujerumani ilipiga marufuku desturi hiyo tangu mwaka 2022. Katika boma la mashambani pora hana hukumu kama hiyo. Huachwa akajitafutia, na siku mgeni anapobisha hodi huonekana faida yake. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba rangi ya manyoya yaweza kuwa jambo la kufa na kupona.

Na nyumbani pia ni hivyo, ingawa kwa njia nyingine. Katika boma nyingi kuku ni mali ya mama. Ndiye anayewafungulia asubuhi, ndiye anayejua yupi ametaga nyuma ya ghala, na fedha za mayai ndizo zinazonunua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Baba akirudi kutoka mjini na wazo la banda la rangi moja, akaanza kuchinja kila mwenye madoa, hachinji manyoya. Anachinja akiba ya nyumba. Mtetea mwenye rangi ya matope aliyekuwa akitotoa vifaranga kumi na kuwafikisha wanane ukubwani huingia chunguni, na mweupe mwenye kuyaacha mayai yake siku ya kumi hubaki kwa sababu anang'aa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Baba mwenye busara humwuliza kwanza mkewe, "Mama watoto, ni yupi asiyestahili kuguswa?" na jawabu lake hulipa uzito kuliko kitabu chochote.

Kwa maana rangi haitagi. Leghorn mweupe hasifiwi kwa mayai kwa sababu ya weupe wake. Wako Leghorn wa kahawia na weusi. Wala rangi ya manyoya si rangi ya yai: mtetea mweupe wa Leghorn hutaga mayai meupe, na Light Sussex, ingawa mwili wake ni mweupe, hutaga mayai ya rangi ya maziwa au kahawia hafifu. Kuku walioboreshwa na shirika la KALRO katika kituo chake cha Naivasha wana rangi za kila namna, kwa kuwa walichaguliwa kwa kukua na kutaga. Nacho kideri kikiingia kijijini hakiulizi nani mweusi na nani mwekundu. Huuliza nani amechanjwa. Tena wafugaji wengi wameona kwamba kuku mweupe huonekana na mwewe kutoka mbali, na mwenye rangi ya majani makavu hupata nafasi ya kukimbilia kichakani.

Basi mwenye kutaka rangi asikatazwe, ila na afuate utaratibu. Kwanza na achague kwa mayai, kwa afya na kwa malezi ya vifaranga. Katika waliobaki ndipo achague kwa rangi. Pili, awatenge wazazi: jogoo mmoja na mitetea isiyozidi kumi, ndani ya ua usiorukwa. Tatu, akibadilisha jogoo angoje majuma matatu kabla ya kuweka mayai ya kutotoa, kwa maana mbegu ya jogoo wa kwanza hukaa ndani ya koo siku nyingi. Nne, awafunge pete au uzi wa rangi mguuni, na awe na daftari. Baba wa fulani, mama wa fulani, tarehe, vifaranga wangapi, rangi gani, wangapi walikufa. Daftari la namna hii likishikwa miaka miwili litamwambia kuku yupi anaficha nini.

Tano, asimwache jogoo mmoja azae na binti zake na wajukuu zake kwa kuwa tu ana rangi ipendezayo. Rangi itakaa, lakini mayai yasiyototolewa yataongezeka na vifaranga watakuwa dhaifu. Kila baada ya muda na atafute jogoo wa ukoo mwingine, hata kama italazimu kupoteza kidogo katika rangi. Wafugaji wa Kenya wanaifahamu faida ya damu ngeni: katika mpango wa serikali wa kuendeleza ufugaji wa kuku ulioanza mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi, wakulima walibadilishana majogoo yao ya kienyeji kwa yale yaliyoboreshwa.

Mfugaji akifanya haya atapata rangi aliyoitaka, kwa subira na kwa daftari. Lakini huenda akagundua jambo jingine njiani: kwamba katika kila kundi la rangi aipendayo wamo waliofichwa, na katika kila kundi alilolidharau wamo wazazi wa kile anachokitafuta. Kwa hiyo kabla ya kunoa kisu, na afungue daftari.